Hesabu za Uhandisi wa Kompyuta Zinapofika Birere

Katika Birere, mtaa wa biashara wa Goma ulio karibu na mpaka wa Gisenyi, fundi wa simu hahitaji maneno mengi ili aanze kazi. Anafungua simu iliyokufa, anatoa betri, anaweka multimita kwenye alama ya mlio, kisha anagusisha ncha moja kwenye masi ya bodi, yaani upande hasi, na ncha ya pili kwenye kila njia ya umeme anayoifahamu. Ikilia, anasema kuna shoti. Hapo anaingiza volti 1 kutoka chanzo cha umeme cha mezani, anauwekea mkondo kikomo cha ampea 3, anapaka spiriti juu ya bodi na kutazama inakauka wapi kwanza. Palipokauka ndipo penye kapasita mbovu. Ufundi huu si ubabaishaji, na hesabu yake ipo: kapasita hiyo ikiwa na ukinzani wa omu 0.2, mkondo wa ampea 3 unatoa joto la wati 1.8 ndani ya kitu chenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita. Spiriti haina budi kukauka.

Tatizo linaanza multimita inapolia na shoti hakuna. Multimita nyingi hulia ukinzani ukishuka chini ya omu 30 au 50 hivi, haziulizi kwa nini umeshuka. Sasa chukua njia inayolisha prosesa. Ndani yake kuna mabilioni ya transista, na kila moja huvujisha umeme kidogo hata ikiwa imezimwa. Tuseme, kwa mfano tu, kila moja ina ukinzani wa omu bilioni 10, ambao ni mkubwa kiasi kwamba peke yake ungeihesabu kuwa imefunga kabisa. Zipange transista bilioni 1 sambamba: gawa bilioni 10 kwa bilioni 1, unabaki na omu 10. Multimita inalia, na simu ni nzima upande huo. Kwenye kompyuta mpakato yenye chipu kubwa ya michoro ukinzani huo huweza kushuka hata chini ya omu 1. Fundi asiyejua jambo hili atasema prosesa imeungua, mteja ataambiwa anunue simu nyingine. Au litatokea baya zaidi: ataingiza volti 4 alizozizoea kwenye njia ya betri, wakati njia ya prosesa imetengenezwa kwa volti 1 hivi, na hapo ndipo prosesa itakapokufa kweli. Kinachomtenga mhandisi na fundi ni huku kukokotoa kabla ya kugusa, wala si usafi wa koti. Ndicho kitu ambacho shahada ya uhandisi wa kompyuta inapaswa kukitoa, na nadai kwamba kwa Goma mahali pazuri pa kukifundishia ni meza zilezile za Birere.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wazazi wengi huvichanganya mtoto anapokwenda kujiandikisha. Goma ina Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM), ina ULPGL, chuo cha Waprotestanti kilichoanzishwa mwaka 1985, ina ISIG na ISTA. Na neno "informatika" linasikika katika vyuo hivyo vyote. Informatika ya usimamizi humfundisha mtu kutengeneza programu za hesabu za duka, hospitali au ofisi. Uhandisi wa kompyuta hushuka chini zaidi: sakiti, mantiki ya dijitali, ishara, muundo wa prosesa, programu inayokaa ndani ya kifaa. Ni taaluma changa. Programu ya kwanza kutambuliwa rasmi Marekani, ya Case Western Reserve, ilipata kibali mwaka 1971. Mwongozo wa mitaala uliotolewa na vyama vya ACM na IEEE mwaka 2016 unaihesabu maabara kuwa sehemu ya lazima ya masomo, na hapo ndipo vyuo vyetu vinapobanwa. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), uliosambazwa nchini Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umeifanya licence kuwa ya miaka 3 na krediti 180, mahali ambapo zamani mwanafunzi alipitia graduat ya miaka 3 ndipo aongeze miaka 2. Muda umepungua, vifaa havijaongezeka, na minervali, yaani ada ya masomo, inalipwa kwa taabu, hasa tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025 na benki zikafungwa. Katika hali hiyo ni rahisi chuo kubaki na silabusi na ubao. Mwanafunzi anaandika sheria ya Ohm, anafaulu mtihani, na hajawahi kuona kapasita ikipata moto.

Mzazi atauliza swali la haki: kama fundi wa Birere anakula bila kujua hesabu, kwa nini mwanangu amalize miaka mitatu akisumbuliwa na integrali? Jibu ni kwamba ujuzi wa fundi umefungwa kwenye kifaa. Anajua simu ya aina fulani hufia wapi kwa sababu amezifungua nyingi za aina hiyo. Ikija ya aina mpya, anaanza upya, na mara nyingi anaanza kwa kuharibu. Aliyejifunza sakiti anaikuta kanuni ileile ndani ya simu, ndani ya inveta ya jua, ndani ya mita ya umeme. Hesabu inampunguzia idadi ya vitu atakavyoviharibu akijifunza, na katika mji ambako kila kipuri kinatoka mbali, hilo ni jambo la fedha kabisa. Sisemi kwamba kila mwenye shahada anajua kukokotoa. Wapo wanaoipata kwa kukariri, na hao fundi anawashinda asubuhi na mapema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Goma haina kiwanda cha kompyuta, basi mhandisi huyo atafanya kazi wapi? Wanaosema hivyo wanatafuta kompyuta mezani tu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni, lava ikashuka kuelekea mjini, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa miezi kadhaa kabla, tangu mwishoni mwa 2020 hadi Aprili 2021, Kituo cha Volkano cha Goma kilikuwa kimekatikiwa na intaneti baada ya ufadhili wake kuisha, hivyo data za vipimo vya mbali hazikufika ipasavyo. Ni rahisi kusema intaneti ingewaokoa waliokufa, lakini si haki: watafiti walionyesha baadaye kwamba dalili za wazi zilitangulia mlipuko kwa muda usiofika saa moja. Mimi naona huo ndio ushahidi mkubwa wa haja ya taaluma hii. Onyo la muda mfupi kiasi hicho haliwezi kusubiri data isafiri, ipokewe, mtu aitazame. Linadai kifaa kilichokaa karibu na mlima, kinachoishi kwa sola na umeme kidogo mno, kinachosikiliza mtikisiko, kinachotenganisha mtikisiko wa lori na wa magma, kisha kinaamua chenyewe kupiga kengele. Utenganishaji huo unafanywa kwa hesabu za Fourier, zilezile ambazo mwanafunzi huziona kama adhabu. Ongeza kwamba mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo kifaa kilichoundwa mahali pasipo na radi kikiletwa hapa bila kinga hakitadumu. Mtu wa kukikokotolea kinga hiyo ni bora awe anaishi hapa.

Wengine watasema akili bandia sasa inaandika programu yenyewe. Inaandika, ndiyo; haishiki ncha za multimita, na haijui kwamba namba uliyoisoma imepotoshwa na betri ya multimita iliyochoka. Koltani nayo itatajwa, maana hakuna makala ya elektroniki na Kivu isiyoitaja. Koltani ya machimbo ya Rubaya huishia kwenye kapasita za tantali, ni kweli. Lakini zile ndogo zinazoleta shoti nyingi kwenye simu za Birere ni za kauri, hazina tantali. Kukaa karibu na machimbo hakumfanyi mtu kuwa karibu na elektroniki.

Kuhusu kufundishia kwenye meza za Birere, walimu wana pingamizi lao: vibanda havina utaratibu, baadhi ya simu zinazoletwa hazijulikani zimetoka mikononi mwa nani, na mwanafunzi ataokota tabia mbaya za njia za mkato. Hoja ya simu za wizi inajibika kirahisi, kwa sababu mwanafunzi hahitaji simu ya mteja hata moja. Anahitaji bodi zilizokwisha kutupwa, na hizo zimejaa kwenye makopo chini ya meza za mafundi. Kuhusu njia za mkato, chuo kikituma mwalimu msaidizi na karatasi ya vipimo, mwanafunzi atalazimika kuandika alichotarajia kabla ya kupima, kisha alichopata, kisha sababu ya tofauti. Swali gumu ni jingine: fundi atapata nini kwa kutoa nafasi mezani wakati wateja wamesimama? Kumlipa fedha chuo hakitaweza. Kinaweza kumlipa kwa kile anachokikosa, yaani jedwali la ukinzani wa kawaida wa kila njia ya umeme, kwa kila aina ya simu inayopita Birere kwa wingi, limepimwa kwenye bodi nzima kadhaa na kuandikwa kwa Kiswahili. Likiwepo, multimita ikilia kwenye njia ya prosesa, fundi atatazama namba kabla ya kuihukumu. Kazi hiyo ingetosha mazoezi ya mwaka wote wa pili, na ingeanza kwa multimita moja yenye kipimo sahihi cha omu ndogo, kwa sababu zile za bei rahisi hukosea hasa chini ya omu 1.