Damu ya dubu weupe yaonyesha njaa inazidi Aktiki
Katika bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska na Kanada, watafiti wanapima damu ya dubu weupe ili kujua kama wanapata chakula. Dubu anapigwa sindano ya usingizi kutoka helikopta, kisha anatolewa damu. Yurea ikiwa kidogo sana kuliko kawaida ikilinganishwa na kreatinini, mnyama hajala kwa siku kadhaa: anaishi kwa mafuta ya mwili wake.

Mwaka 1985 na 1986, karibu dubu mmoja kati ya kumi alikutwa hali hiyo. Mwaka 2006 walifika asilimia 29. Vipimo vilifanyika Aprili na Mei, wakati dubu hupaswa kushiba sili. Watafiti wanahusisha njaa hiyo na mabadiliko ya barafu ya bahari, ambako dubu huwinda.