Ngozi ya Minde

Ukisimama sokoni Kiboriloni wakati mawingu yamepanda, utauona msitu juu ya mashamba ya migomba. Katika misitu ya mlima huu anaishi minde. Ni wa jamii ya funo, lakini ni mkubwa zaidi. Rangi yake inakaribia weusi, na kichwani ana kishungi chekundu. Hutembea usiku, kwa hiyo ni vigumu kumwona.

Basi wataalamu wa mbali walimjuaje?

Kati ya mwaka 1887 na 1889, daktari mmoja wa Marekani, William Louis Abbott, alikaa Taveta na Kilimanjaro. Alikusanya ndege na wanyama wa mbugani na wa mlimani. Ngozi alizipeleka katika jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington. Huko, mwaka 1890, mtaalamu Frederick True alimwandika minde katika vitabu. Kwa Kiingereza mnyama huyu huitwa kwa jina la Abbott. Sisi tunamwita minde, kwa jina letu.

Kazi hiyo si ya kupiga bunduki tu. Katika joto la mbugani ndege huoza upesi. Aliyepigwa asubuhi huchunwa siku hiyohiyo. Hupasuliwa tumboni, nyama hutolewa, mifupa ya miguu na mabawa huachwa. Zamani ngozi ilipakwa arseniki ili wadudu wasiile. Hiyo ni sumu kali! Hata leo ngozi hizo za kale hazishikwi ovyo. Kisha ndani hujazwa pamba, na ngozi hushonwa.

Mwisho, mguuni hufungwa kikaratasi. Huandikwa mahali, tarehe, na kama ni dume au jike. Ngozi isiyo na kikaratasi ni kama barua isiyo na anwani. Haitusaidii kujua mnyama aliishi wapi.

Minde anapatikana Tanzania tu, naye amepungua sana. Mitego ya waya na ukataji wa misitu vinammaliza. Siku hizi wataalamu hufunga kamera mtini, nayo hupiga picha yenyewe mnyama anapopita. Kukusanya wanyama bila kibali ni kosa.

Wewe sasa unajua kuandika. Ukiona minde, au mtego wa waya, andika mahali na tarehe. Mpelekee ofisa wa wanyamapori karatasi hiyo.