Ukabaji wa Eneo na Mianya Yake

Timu isiyo na mpira ina njia mbili za kugawana kazi. Ya kwanza ni kumpa kila mchezaji mtu wake, aende naye popote mpaka mpira upatikane. Hiyo ndiyo kukaba mtu kwa mtu. Ya pili ni kumpa kila mchezaji kipande cha uwanja, amkabe yeyote anayeingia humo na kumwachia mwenzake anapotoka. Njia hii ya pili, ukabaji wa eneo, ndiyo inayotumiwa na klabu nyingi kubwa za soka siku hizi mpira ukiwa unatembea. Iko pia katika mpira wa kikapu, na katika futiboli ya Kimarekani imekuwa karibu elimu kamili.

Katika viwanja vya mtaani vya Bunju, Tegeta au Mbagala, mtu kwa mtu ingali na nguvu, na sababu yake si ushamba. Timu ya ndondo mara nyingi huchanganya wenyeji na mamluki waliofika siku ya mechi. Mgeni akiambiwa amfuate yule mwenye jezi namba kumi, ameelewa papo hapo. Kumfundisha wakati wa kumwachia beki mwenzake mtu, na wakati wa kutomwachia, kunataka wiki nyingi za mazoezi na watu walewale. Klabu zenye viwanja vyao, kama Simba wenye uwanja wao wa mazoezi hapo hapo Bunju au Azam walioko Chamazi, Temeke, zinao muda huo.

Hesabu ya uwanja ndiyo inayoeleza kwa nini mfumo huu ni mgumu. Uwanja wa kawaida wa mechi za kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Mabeki wanne wakigawana upana huo sawasawa, kila mmoja anaangukiwa na mita 17, na hakuna beki anayeweza kuzilinda peke yake mbele ya winga mwenye mbio. Kwa hiyo maeneo hayakai mahali pamoja. Yanahama pamoja na mpira. Mpira ukiwa kwa winga wa kulia wa wapinzani, beki wa kushoto anatoka kumkabili, beki wa kati aliye jirani anajongea kuziba mgongo wake, wa pili anafuata, na beki wa kulia anaingia ndani hadi karibu na katikati ya goli. Winga wa upande wa mbali anaachwa peke yake, tena kwa makusudi. Jukwaani watu hupiga kelele kwamba kuna mtu yuko huru. Kocha haoni tatizo: mpira wa kumfikia mtu huyo lazima uruke sehemu kubwa ya upana wa uwanja, na ukiwa hewani mabeki wanapata nafasi ya kurudi.

Aliyeupa mfumo huu heshima barani Ulaya ni Arrigo Sacchi, aliyeichukua Milan mwaka 1987. Italia wakati huo ilikuwa nchi ya mtu kwa mtu, ikiwa na beki mmoja wa ziada aliyefagia nyuma ya wenzake. Katika Kombe la Dunia la 1982, beki wao Claudio Gentile alimganda Maradona mechi nzima, na taifa likampongeza. Sacchi aliwataka wachezaji wake wapange miguu yao kwa kuangalia vitu vinne: mpira, nafasi, mpinzani na mwenzao. Timu nzima ilitakiwa kukaa ndani ya mita 25 hivi, kuanzia beki wa mwisho hadi straika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliwashawishi washambuliaji wake Gullit na van Basten kwa zoezi: kipa na mabeki wanne waliopangwa, wakiwemo Baresi na Maldini, dhidi ya washambuliaji kumi wasio na mpango, kwa dakika 15. Kumi hao, anasema, hawakufunga hata mara moja. Milan ikabeba Kombe la Ulaya mwaka 1989 na tena 1990.

Faida ya kwanza ya ukabaji wa eneo inaonekana hapo. Mpinzani hawezi kuamua beki asimame wapi. Katika mtu kwa mtu, straika mjanja humvuta beki wa kati hadi pembeni kisha kiungo akapita kwenye pengo. Katika eneo, straika huyo akienda pembeni anapokelewa na mwingine, na katikati panabaki pamefungwa. Faida nyingine ni pumzi. Kumfuata mtu kila anapokimbia, kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam wa mwezi Februari, kunamaliza miguu kabla ya dakika ya 70. Tena timu inapoupora mpira, kila mtu yuko mahali panapojulikana, kwa hiyo pasi ya kwanza ya shambulizi la kushtukiza haihitaji kutafutwa. Na mtego wa kuotea haufanyi kazi bila mstari mmoja wa mabeki. Beki anayemfuata mtu wake hadi golini anauvunja.

Udhaifu wake unakaa mipakani. Mshambuliaji mzuri hatulii katikati ya eneo la mtu. Anasimama pale ambapo maeneo mawili yanakutana, kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, au mgongoni mwa kiungo mkabaji na mbele ya mabeki. Hapo kila mlinzi anadhani ni wa mwenzake. Nusu sekunde ya kutazamana inatosha. Ndiyo maana mabeki wanaokaba eneo hupayuka dakika 90. Timu yenye mabeki wakimya haifai kuutumia mfumo huu hata kama wana vipaji. Udhaifu wa pili ni wingi: wapinzani wakipeleka watu watatu kwenye kona ya uwanja yenye walinzi wawili, mmoja atabaki huru, na akitokea wa kuja kusaidia, upande wa pili unafunguka kwa mpira mrefu wa kubadilisha uwanja.

Lakini kuna sharti moja linalozidi yote hayo, nalo halihusu mabeki. Ukabaji wa eneo unaishi kwa mtu anayembana mwenye mpira. Mwenye mpira akiwa na mkabaji usoni, hana muda wa kuinua kichwa kuitafuta mianya, nayo inakuwa kama haipo. Akiachwa atulie, mstari wa mabeki waliosogea juu unageuka uwanja mtupu wa kupigiwa mipira ya nyuma. Mabao mengi wanayolaumiwa mabeki yalianza kwa straika au kiungo aliyechoka kukabia juu.

Futiboli ya Kimarekani inalithibitisha sharti hilo kwa uwazi kuliko soka. Huko mshambuliaji mkuu hurusha mpira kwa mkono kwa wapokeaji wanaokimbia njia zilizopangwa. Walinzi wa eneo hawampi mgongo mrushaji. Wanamsoma macho na kuuwahi mpira. Tampa Bay Buccaneers walijengwa hivyo, na katika Super Bowl ya Januari 2003 waliinyang’anya Oakland Raiders mipira mitano iliyokuwa hewani, mitatu kati yake ikarudishwa hadi kuwa pointi, mechi ikaisha 48 kwa 21. Hata hivyo, mrushaji akipewa sekunde chache za ziada, wapokeaji watalijaza eneo moja watatu kwa mara moja na pengo litaonekana. Kwa hiyo kazi ya kulinda maeneo ya nyuma inaanzia kwa majitu ya mstari wa mbele, ambao wajibu wao ni kumfikia mrushaji kabla hajaona. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, alifanya kazi hiyo New York Giants kuanzia 2006, na mwaka 2007 walimhamishia safu ya pili, ambako mchezaji mmoja hutakiwa mara kumkimbiza mrushaji, mara kurudi nyuma kuziba eneo.

Mpira wa kikapu una historia ya ajabu kidogo. NBA iliukataza ukabaji wa eneo hadi msimu wa 2001/02. Ilipouruhusu iliongeza kanuni kwamba mlinzi asikae zaidi ya sekunde tatu chini ya goli bila kumkaba mtu kwa karibu, la sivyo jitu kama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2 na aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa vijana wa 2009, lingesimama pale mchezo mzima. Katika kanuni za FIBA, zinazotumika Tanzania, eneo limeruhusiwa, na dawa yake inajulikana: mfungaji hodari wa nje ya mstari wa pointi tatu.

Ubishi mkali zaidi katika soka unabaki kwenye kona. Mpira umesimama, mpigaji hana wa kumbana, yaani lile sharti kuu halipo. Mlinzi wa eneo anasubiri mahali pake na kuruka akiwa amesimama. Mshambuliaji anakuja na kasi kutoka mbali, na anayekimbia huruka juu zaidi. Tanzania inakumbuka kona ya namna hiyo: San Pedro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars ikiongoza 1-0 kwa bao la Simon Msuva, Zambia wakiwa kumi uwanjani. Dakika ya 88 Clatous Chama, wakati huo mchezaji wa Simba, akapiga kona, Patson Daka akaruka na kichwa kikaingia wavuni. Kuna upendeleo fulani katika lawama za mabao kama hayo. Mtu kwa mtu ikishindwa, analaumiwa aliyetorokwa. Eneo likishindwa, unalaumiwa mfumo, ingawa mara nyingi ni mtu mmoja tu aliyechelewa kuruka.

Makocha wengi wameacha kuchagua upande. Wanawapanga warefu watatu au wanne kwenye mstari wa boksi la yadi sita, mbele ya goli, walinde eneo na kuushambulia mpira bila kujali jezi ya aliye mbele yao. Wengine wawili au watatu wanakaba mtu kwa mtu, na kazi yao si kushinda mpira wa juu bali kuwakatia njia warukaji wa wapinzani ili kasi ife kabla ya kufika. Mmoja anasimama nguzo ya karibu kuufuta mpira wa chini, na mmoja anakaa nje ya kumi na nane kusubiri mpira utakaotoka. Kipa ndiye anayesema nani akae wapi, kwa sababu ndiye pekee anayewaona wote kwa mbele.