Chupa Iliyoharibu Sherehe ya Besiboli

JE, msomaji, ukiona nzi ndani ya mchuzi na wageni wamekwisha nawa mikono, utasema au utanyamaza?

Swali kama hilo lilimkabili Steve Wilstein, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press huko Marekani, mwezi Agosti 1998. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamepagawa na besiboli. Mark McGwire wa St. Louis Cardinals na Sammy Sosa wa Chicago Cubs waliiandama rekodi ya Roger Maris, aliyepiga homurani 61 mwaka 1961. (Kwa wewe usiyeujua mchezo huu, homurani ni pigo la kuupeleka mpira nje ya uzio, kisha mpigaji huzunguka uwanja kwa madaha yake.) Mgomo wa wachezaji wa 1994 ulikuwa umefuta fainali na kuwaudhi mashabiki. Sasa walikuwa wamerudi, na pesa zao.

Ndipo Wilstein, akiwa mbele ya kabati la McGwire pamoja na wenzake, alipoona chupa ya androstenedioni. Alichunguza ni kitu gani, akaandika. Dawa hiyo iliuzwa madukani waziwazi na besiboli haikuikataza, lakini Olimpiki ilikuwa imeipiga marufuku. McGwire mwenyewe hakukana kuitumia.

Hasira zilimwangukia nani? Mwandishi! Tony La Russa, meneja wa Cardinals, alitaka waandishi wa shirika hilo wafungiwe mlango wa chumba cha wachezaji. Wengi waliuliza, kwa nini sasa? Nami nauliza, angengoja hadi lini? Habari za chupa hiyo baada ya msimu zingekuwa na faida gani kwa kijana aliyekwisha kwenda dukani kuinunua?

Septemba 8 McGwire alipiga homurani ya 62. Alimaliza msimu na 70, Sosa 66, na chupa ikasahaulika. Ilichukua hadi 2004 kabla ya wachezaji wa ligi kuu kuanza kuadhibiwa wakipatikana na steroidi. Mwaka 2005, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, McGwire alikataa kuzungumzia yaliyopita.

Alikiri Januari 2010. Naam, alitumia steroidi, hata mwaka ule wa 1998. Naye alichagua wakati wake: alikuwa karibu kuanza kazi ya kuwafunza wapigaji wa Cardinals, chini ya meneja yule yule, La Russa.