Shirley: Jina la Mahali Lililogeuka Jina la Mtoto

Mzazi atafutaye maana ya jina Shirley katika vitabu vya majina ya watoto huelezwa kwamba ni "uwanda angavu". Maelezo hayo yana asili ya kweli, ila yahusu mahali, si mtoto. Katika Kiingereza cha Kale, "scir" ni angavu na "leah" ni uwazi katikati ya msitu. Kwa muungano huo sehemu kadhaa za Uingereza, zikiwemo za Derbyshire na Hampshire, ziliitwa Shirley. (Wako wanaolihusisha "scir" na neno jingine la umbo hilo hilo, lenye maana ya jimbo.) Waliotoka huko wakaitwa kwa jina la kwao, nalo likawa jina la ukoo.

Hatua iliyofuata ndiyo ya ajabu. Katika riwaya ya Charlotte Brontë iitwayo Shirley, iliyotolewa mwaka 1849, wazazi waliotamani mwana wa kiume wasimpate walimpa binti yao jina la ukoo ambalo wangalimpa mwana huyo. Ajabu ya kisa hicho ni kuwa jina lilihesabiwa la kiume. Baadaye likahamia kwa wasichana. Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, mwaka 1968, alizaliwa 1924, ilhali Shirley Temple alizaliwa 1928. Hivyo sinema haikulizua jina hili. Hata hivyo, ni yule mtoto wa sinema aliyelieneza mno katika miaka ya 1930.

Maana i wapi, basi? Jina Masika lingali linasema: alisikiaye hufikiri mara moja majira ya mvua. Shirley halisemi hivyo hata kwa Mwingereza, kwani "leah" imekwisha kusagika ikabaki kiishilizo tu, kama katika Ashley na Hayley. Kilichosalia ni sauti, pamoja na sifa za wale waliolichukua. Kwa hiyo wanaowalaumu wazazi wetu kwa kuchagua jina "lisilo na maana" wanalidai jambo ambalo wenye lugha wenyewe hawalitazamii.

Nayo sauti isidharauliwe. Kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, Shirley lina silabi mbili, zote zimeishia kwa irabu, kama zipendavyo silabi za Kiswahili. Margaret halikuwa na bahati hiyo. Ilibidi liongezewe irabu, likawa Magreti.