Roketi Inapopinduka: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu kama Njia ya Kufundisha Sayansi

Kila mwanafunzi wa shule ya msingi amewahi kumwona fundi baiskeli akitafuta pancha. Fundi hujaza upepo, huitumbukiza mipira majini sehemu baada ya sehemu, na hutazama mapovu yanapotokea. Habahatishi. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiingia darasani, mara nyingi hupewa jibu kabla hajapata nafasi ya kulitafuta. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kulitumia swali moja, yaani kwa nini roketi hupinduka, kuwafundisha wanafunzi wake kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu. Hapa Shanwe, Mpanda, vifaa vyake havina gharama kubwa: mabua ya mahindi, udongo wa mfinyanzi, karatasi ngumu na uzi. Palipo na kompyuta, mchezo wa kuigiza safari za angani uitwao Kerbal Space Program waweza kuliendeleza somo hilo.

1. Mfano wa Afrika Mashariki

Yafaa mwalimu aanze kwa kuwaeleza wanafunzi kwamba roketi si habari ya nchi za mbali peke yake. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walijenga majukwaa baharini, maarufu kwa jina la San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani zilizoitwa Scout. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Scout ilikuwa na hatua 4, kila moja ikiwa na injini yake ya fueli yabisi. Hatua ya kwanza, iliyopita katika hewa nzito, iliongozwa kwa mapezi yenye ncha zinazogeuka, pamoja na vibao vilivyowekwa katika mkondo wa moto wa injini. Hatua ya pili na ya tatu zilikwenda mahali ambapo hewa ni haba mno, kwa hiyo ziliongozwa kwa vijito vidogo vya haidrojeni peroksaidi. Hatua ya nne ilizungushwa kwa kasi kama pia ya mtoto, ili mzunguko huo uishike katika mwelekeo wake. Tunaona basi kwamba hakuna dawa moja ya kuituliza roketi. Dawa hutegemea mahali roketi ilipo.

2. Kanuni yenyewe

Kitu kinachoruka angani kikiinama, huzunguka katika kitovu chake cha uzito. Hapo ndipo kitu hicho husawazika ukikiweka juu ya kidole. Lakini hewa nayo hukisukuma ubavuni, na misukumo yote ya hewa yaweza kuhesabiwa kana kwamba imekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo tupaite kitovu cha msukumo wa hewa.

Kitovu cha msukumo wa hewa kikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, hewa huusukuma mkia, na pua hurudi kwenye mstari wake. Kikiwa mbele, hewa huisukuma pua, na kuinama kudogo huwa kupinduka kabisa. Ndiyo maana mshale huwekwa chuma mbele na manyoya nyuma: chuma huvuta kitovu cha uzito mbele, manyoya huvuta kitovu cha msukumo wa hewa nyuma. Mwalimu asianze na maneno haya mazito. Aanze na mshale.

3. Somo la mabua

Baada ya mavuno mabua makavu hupatikana kwa wingi. Kila kikundi kichague mabua manne yaliyonyooka, yenye urefu wa sentimeta 30 na unene unaolingana. Mwalimu apasue mwenyewe nafasi za mapezi kwa wembe. Mapezi yawe matatu, ya karatasi ngumu. Donge la udongo liwe na ukubwa wa gololi. Mabua yatayarishwe hivi:

Bua A: halina mapezi wala udongo.
Bua B: lina mapezi nyuma.
Bua C: ni kama B, lakini lina udongo mbele.
Bua D: ni kama B, lakini lina udongo nyuma.

Kabla ya kurusha, kila kikundi kiandike kitakachotokea kwa maoni yao. Hatua hii isirukwe, kwani mtoto asiyetabiri hana cha kulinganisha na anachokiona. Kisha kila bua lirushwe mara 3 kwa nguvu ileile, mahali pa wazi, pasipo na mtu mbele. Bua A kwa kawaida huzungukazunguka. Bua B hufuata pua yake, na C hutulia zaidi. Bua D huyumba kuliko B, na udongo ukiongezwa nyuma hupinduka.

Kwa wale wanaotaka kupima bila kurusha, uzi wa urefu wa mita moja na nusu ufungwe mahali bua linaposawazika, kisha bua lizungushwe hewani. Likitangulia kwa pua, li imara. Likitangulia kwa mkia au likiyumba ovyo, si imara.

Mwanachuo azingatie kwamba B, C na D zinatofautiana kwa jambo moja tu. Kama tungelihamisha udongo na kupunguza mapezi kwa wakati mmoja, tusingejua lipi lililoleta mabadiliko.

4. Mchezo wa kompyuta

Katika mchezo tulioutaja mwanafunzi huunda roketi na kuirusha. Mahali pa kuundia pana alama za rangi: njano huonyesha kitovu cha uzito, zambarau msukumo wa injini, na buluu kani ya hewa kwenye mabawa na mapezi. Alama ya buluu haihesabu mwili wote wa roketi, kwa hiyo husaidia kukisia, haiondoi haja ya kujaribu. Swali la kwanza liwe daima: hitilafu ilitokea wakati gani?

(a) Roketi ikilalia upande uleule tangu inapoondoka, chunguza kama uzito umelingana pande zote na kama msukumo wa injini unapita katika kitovu cha uzito.

(b) Ikipanda vema, kisha ikapinduka inapokwenda kasi katika hewa nzito, tazama kama pua ni pana au nyepesi kupita kiasi, kama mapezi yako nyuma, na kama imeinamishwa ghafla.

(c) Ikiwa imara mwanzoni na kupinduka mafuta yanapopungua, tazama ni tangi lipi linalotangulia kuisha. Tangi la mbele likiisha kwanza, kitovu cha uzito hurudi nyuma, kama katika bua D.

(d) Ikitetemeka huku na huku bila kupinduka, huenda ni ndefu na viungo vyake vinalegea, au uongozi wake una nguvu kupita kiasi na husahihisha zaidi ya inavyohitajika.

(e) Ikigeuka kinyume cha amri, tazama kama sehemu ya uongozi imewekwa juu chini.

Mtu asidhani kwamba hitilafu ya mwisho ni ya watoto tu. Tarehe 2 Julai 2013 roketi ya Kirusi aina ya Proton-M, iliyobeba setilaiti 3, ilipinduka na kuanguka muda mfupi baada ya kuondoka Baikonur. Uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya vifaa vya kupima mgeuko wake vilifungwa juu chini. Injini zilikuwa na nguvu, lakini kila usahihisho uliongeza kosa.

Ikiwa darasa lina kompyuta moja, mwanafunzi mmoja aendeshe, kikundi kimoja kitabiri, na kingine kiandike. Kazi zibadilishane kila baada ya jaribio.

5. Kazi ya mwalimu

Kishawishi kikubwa kwa mwalimu mgeni ni kulitengeneza bua la mtoto kwa mkono wake mwenyewe ili kipindi kimalizike vizuri. Mtoto huondoka na bua linaloruka, lakini hajui kwa nini linaruka. Hatari ya pili ni kukicheka kikundi ambacho bua lake limeanguka. Watoto wakishachekwa, watauficha matokeo yao au watanakili ya wenzao, na hapo sayansi imekwisha.

Kwa hiyo, bua likianguka, mwalimu aulize maswali matatu tu, naye angoje majibu: Umeona nini? Unadhani chanzo ni nini? Utabadilisha jambo gani moja? Katika daftari kuwe na safu nne: tulichobadilisha, tulichotabiri, kilichotokea, na tunachofikiri sasa. Alama zitolewe kwa ukamilifu wa safu hizo, zisitolewe kwa umbali bua lilikoruka. Mtoto ambaye bua lake lilianguka mara tano, naye anaweza kueleza sababu ya kila mara, amejifunza zaidi ya yule ambaye bua lake liliruka kwa bahati.

Wanachuo watakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha tunawashauri wayajaribu mabua hayo wenyewe kwanza, siku moja kabla ya somo, kwa kuwa mabua hutofautiana na udongo hukauka. Watenge vipindi viwili mfululizo: cha kwanza cha kutengeneza na kutabiri, cha pili cha kurusha na kujadiliana. Na katika kuandaa somo, waliandike swali la "utabadilisha jambo gani moja" mahali watakapoliona, maana ndilo litakalosahauliwa upesi darasa likichangamka.