Kununua na Kuuza kwa Lugha Mbili
Galbet, wadi ya mji wa Garissa, ni mahali ambapo Kisomali, lugha ya wenyeji wengi, hukutana na Kiswahili, lugha ya taifa, na mfasiri wa maneno ya biashara hukuta mengi yanayofanana kwa kuwa lugha zote mbili ziliyakopa kutoka Kiarabu: duka ni dukaan, soko ni suuq, deni ni deyn na ghali ni qaali.

Hata hivyo, mfanano huo una mtego, kwani rakhiis ya Kisomali humaanisha kitu cha bei nafuu, ilhali rahisi ya Kiswahili imepanuka ikabeba pia maana ya jambo lisilo gumu, ambalo kwa Kisomali huitwa fudud.

Tofauti kubwa zaidi imo katika vitenzi, kwa sababu Kiswahili kina mashina mawili yasiyohusiana, nunua na uza, ilhali Kisomali hutumia shina moja, iib, ambalo likiwa iibi ni kuuza, na likipewa kiambishi cha kujinufaisha, yaani kinachoonyesha kwamba mtendaji anatenda kwa faida yake, huwa iibso, kununua. Hivyo, katika soko la mifugo la Garissa, silabi moja hutenganisha mwenye mbuzi na mwenye fedha.